Pesa Zako: akiba ya mgeni Thailand ilale wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Thailand: walimu, wastaafu, watu wa vito, na wanawake walioolewa huko. Tumezifupisha na kuacha majina. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema, maana utaukuta katika kila jibu: weka Thailand zile pesa ambazo Thailand yenyewe inakudai, yaani za viza, pango, chakula na hospitali. Zinazobaki zikae katika sarafu ya nchi utakayozeekea.

Nafundisha shule ya binafsi Nonthaburi. Mshahara ni baht 38,000 na kila mwezi nabakiwa na kama 9,000. Zote zimelala kwenye akaunti ya mshahara na riba siioni. Mwenzangu ananishauri nitume kila kitu Kenya ninunue dhamana za serikali. Mnasemaje? — Mwalimu, Nonthaburi

Mwalimu, kuna kitu mabenki ya Thailand wanacho ila mgeni hatangaziwi: amana ya kila mwezi isiyokatwa kodi. Wathai huiita *fak pracham plot phasi*. Litamke hivyo dirishani, hata karani asiyejua Kiingereza atakuelewa. Unachagua kiasi kati ya baht 1,000 na 25,000, kisha unaweka kiasi hichohicho kila mwezi kwa miezi 24 au zaidi, jumla isizidi 600,000. Riba yake huwa juu ya ile ya akaunti ya akiba, na haikatwi kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokatwa kwenye amana nyingine za muda maalumu. Lakini mtu mmoja anaruhusiwa akaunti moja tu ya aina hii, na huruhusiwi kuruka zaidi ya miezi miwili. Ukiruka wa tatu, msamaha wa kodi umekwenda.

Kwa hiyo usiiwekee 9,000 yote. Anza na 5,000. Ukipewa asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miezi 24 utakuwa na 120,000 uliyoweka na takriban 2,500 ya riba. Hazikutajirishi, ila ni 2,500 ambazo leo huzipati. Iagize benki ikate yenyewe siku mbili baada ya mshahara kuingia. Kinachowaangusha walimu ni mwezi Aprili: shule zimefungwa, na mwenye mkataba wa miezi 10 halipwi likizo. Pima kiasi chako kwa mfuko wa Aprili, usikipime kwa ule wa Novemba. Nenda na pasipoti, kibali cha kazi na namba ya mlipakodi, na uanzie tawi linalopokea mshahara wako, kwa sababu tawi lisilokujua linaweza kukukatalia tu kwa kuwa u mgeni.

Hizo 4,000 zinazobaki ziache kwenye akaunti ya akiba mpaka zifikie matumizi ya miezi mitatu pamoja na tiketi ya kurudi nyumbani. Riba ya akaunti ya akiba haikatwi kodi hadi ifike baht 20,000 kwa mwaka, na kwa viwango vya sasa wewe na sisi hatutaifikia.

Kuhusu Kenya, mwenzako hajakosea, ameharakisha tu. Tangu 2023 Benki Kuu ya Kenya ina mfumo wa DhowCSD, unaomwezesha Mkenya aliye nje kununua dhamana za muda mfupi na hati fungani kwa simu, mradi awe na akaunti ya benki ya Kenya na namba ya mlipakodi ya Kenya (KRA). Riba ya hati fungani hukatwa asilimia 15, zile za miaka 10 na kuendelea asilimia 10, na za miundombinu hazikatwi. Tatizo ni sarafu. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na miezi michache tu baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyetuma baht zake Aprili alipata shilingi pungufu sana kuliko jirani yake aliyetuma Januari, na riba ya mwaka mzima haikuziba pengo hilo. Dhamana za Kenya zinunuliwe kwa pesa utakazozitumia Kenya: kiwanja, ada ya mdogo wako, nyumba ya mama. Pesa ya kurudi nayo Thailand mwakani usiipeleke huko.

Siku ya kutuma, benki itataka kuona kibali cha kazi na ile hati ya kodi iliyokatwa kwenye mshahara, inayoitwa 50 Tawi. Iombe kwa mhasibu wa shule kila mwaka, hata kama huna mpango wa kutuma chochote.

Wanangu, salamu. Nina miaka 67, pasipoti yangu ni ya Uingereza, nimehamia Hua Hin kupumzika. Nasikia wapo wastaafu walionyimwa kuongezewa muda kwa kupungukiwa baht mia chache tu katika zile 800,000 zinazotakiwa benki kwa viza ya ustaafu. Niziwekeje? Na benki ikianguka? — Mzee, Hua Hin

Shikamoo mzee. Hizo 800,000 zina kalenda yake, na wengi wanaokwama hukwama kwenye kalenda wala si kwenye kiasi. Chukua mfano unaomba tarehe 15 Julai. Pesa ziwe zimetimia benki ifikapo 15 Mei, yaani miezi miwili kabla. Ukishapewa mwaka wako, zikae palepale zikiwa 800,000 kwa miezi mitatu, hadi 15 Oktoba. Kuanzia hapo unaweza kushuka, lakini usipite chini ya 400,000 hata siku moja, mpaka Mei ifuate uzijaze tena. Kwa usalama, jaza mwanzoni mwa Aprili. Uhamisho kutoka nje unaweza kuchelewa wiki nzima kwa sababu ya kosa la herufi moja katika jina.

Zile baht mia chache hupungua hivi: mtu anaweka 800,000 kamili, halafu benki inakata ada ya mwaka ya kadi, na kitabu cha benki kinasoma 799,700. Afisa haangalii sababu, anaangalia namba. Weka 820,000, na akaunti hiyo usiichukulie kadi kabisa. Iwe ya jina lako peke yako, kwa kuwa ya pamoja na mke haikubaliki kwa viza ya ustaafu. Matumizi ya nyumbani yawe na akaunti yake nyingine.

Asubuhi ya siku ya kuomba, pitia benki kwanza. Weka au toa baht 100 ili kitabu kiwe na mstari wa tarehe hiyohiyo, kisha omba barua ya benki ya kuthibitisha salio. Ofisi nyingine zinataka na taarifa ya akaunti ya miezi 12, ambayo haitoki siku hiyohiyo katika kila tawi, kwa hiyo iulizie wiki moja kabla. Ada ya uhamiaji ni baht 1,900.

Amana ya muda maalumu inaruhusiwa, na huzaa zaidi. Kwa asilimia 1, hizo 800,000 zinakupa 8,000 kwa mwaka, unakatwa 1,200 za kodi, unabaki na 6,800. Angalia tu siku ya kuiva. Baadhi ya mabenki hukiandika kitabu kana kwamba pesa zimetolewa zote na kuwekwa upya, na kama siku hiyo inaangukia ndani ya ile miezi miwili, utajikuta unamweleza afisa jambo asilolitaka kulisikia. Chagua muda unaoiva Novemba au Desemba.

Benki ikianguka, Wakala wa Kulinda Amana wa Thailand hulipa hadi baht 1,000,000 kwa kila mwekaji katika kila benki. Kiwango hicho kilianza tarehe 11 Agosti 2021. Zamani kilikuwa juu zaidi, kwa hiyo usifuate maelezo ya vitabu vya miaka ya nyuma. Mgeni analindwa sawa na mwenyeji, kwa amana za baht. Pesa zako za viza ziko ndani ya mstari. Ukiwa na milioni na nusu, zigawe katika benki mbili tofauti. Matawi mawili ya benki moja yanahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Jambo la mwisho kwako, mzee, na usichukie: hizo 400,000 usizoruhusiwa kuzigusa si akiba yako ya dharura. Ukilazwa hospitali ya binafsi ukazitumia, umetibiwa lakini viza imevunjika. Pesa ya hospitali iwe pembeni, au uwe na bima. Na ukumbuke kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa anayeishi Thailand. Kiasi utakachoanza nacho ndicho kitakachobaki, huku bei zinapanda. Hiyo ndiyo sababu ya kuacha akiba kubwa Uingereza, ambako tangu Desemba 2025 amana inalindwa hadi pauni 120,000 kwa kila benki. Lakini waulize wenye benki yako, kwa maandishi, kama wanamhudumia mteja anayeishi Thailand. Baadhi yao hufunga akaunti wakishaona anwani ya nje, na kuifungua nyingine ukiwa mbali ni kazi ngumu.

Niliuza nyumba Kanada mwaka 2022 na pesa bado ziko huko. Nikizileta Thailand nitatozwa kodi? Nina pia pensheni, naleta kama baht 65,000 kwa mwezi. Nina miaka 66. — Mama, Chiang Mai

Mama, umeuliza lile linalowakosesha watu usingizi tangu 2024. Ukikaa Thailand siku 180 au zaidi ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, wewe ni mkazi kwa macho ya kodi. Zamani pato la nje lilitozwa tu likiingizwa mwaka uleule ulilolipata, kwa hiyo watu walisubiri Januari wakaingiza bila wasiwasi. Septemba 2023 Idara ya Mapato ilitoa agizo namba Paw 161/2566 lililofunga mlango huo: kuanzia tarehe 1 Januari 2024, pato la nje linatozwa mwaka utakaoliingiza, hata likiwa la zamani. Watu wakapiga kelele, na Novemba likaja Paw 162/2566 lililosema kwamba pato lililopatikana kabla ya 1 Januari 2024 haliguswi.

Nyumba yako iliuzwa 2022. Pesa hizo ziko salama, mradi uweze kuonyesha kwamba ni hizo. Na hapa ndipo watu wanapojichanganyia wenyewe. Omba benki yako ya Kanada taarifa inayoonyesha salio la tarehe 31 Desemba 2023, uiweke pamoja na hati ya mauzo. Kisha zitenge: akaunti moja ya pesa za zamani isiyopokea kitu kingine chochote, na nyingine ya pensheni na riba mpya. Riba iliyozaliwa na pesa hizo mwaka 2024 na kuendelea ni pato jipya, kwa hiyo iagize benki iilipe kwenye akaunti ya pili. Akaunti moja ikishachanganya vyote viwili, wewe ndiye utakayetakiwa kumweleza afisa ni dola ipi ya mwaka gani, na dola hazina alama masikioni kama mbuzi.

Pensheni unayoileta ni pato jipya kila mwezi. Kwanza angalia mkataba wa kodi kati ya Thailand na nchi inayokulipa, kwa sababu mikataba haifanani. Ule wa Uingereza wa 1981, kwa mfano, unaiachia Uingereza peke yake pensheni ya utumishi wa serikali, isipokuwa kwa mkazi ambaye pia ni raia wa Thailand. Tuchukulie mkataba wako hauizuii Thailand. Hesabu ni hii: 65,000 mara 12 ni 780,000. Toa 100,000 za gharama, toa 60,000 za nafuu ya mtu binafsi, toa 190,000 za aliyefikisha miaka 65. Zinabaki 430,000. Zile 150,000 za kwanza hazina kodi. 150,000 zinazofuata ni asilimia 5, yaani 7,500. 130,000 za mwisho ni asilimia 10, yaani 13,000. Jumla 20,500 kwa mwaka mzima. Wengi wanaohofia kuuziwa kitanda wakiona hesabu hii hutulia. Na kama ulishakatwa kodi huko inakotoka, kwa kawaida mkataba unaruhusu kiasi hicho kipunguzwe hapa, beba ushahidi.

Chukua namba ya mlipakodi katika ofisi ya mapato ya wilaya unayoishi, na fomu irudishwe ifikapo 31 Machi ya mwaka unaofuata. Faida ndogo ya kuwa na namba hiyo: ile asilimia 15 iliyokatwa kwenye riba ya amana zako za Thailand unaweza kuidai irudishwe, kama pato lako liko katika ngazi za chini. Wenye viza ya ukazi wa muda mrefu, ile ya LTR, katika makundi ya matajiri, wastaafu wenye uwezo na wanaofanyia kazi nje wakiwa Thailand, wamesamehewa kodi ya pato la nje. Mwenye viza ya kawaida ya ustaafu hayumo.

Unapotuma, tuma dola, ubadilishaji ufanywe na benki ya Thailand. Ukibofya baht huko Kanada utapewa bei mbaya zaidi. Na ikiwa unategemea njia ya 65,000 kwa mwezi kwa ajili ya viza badala ya kuweka 800,000, hakikisha kitabu kinaonyesha kwamba pesa zimetoka nje. Kampuni nyingine za kutuma pesa hukulipa kutoka akaunti yao iliyo ndani ya Thailand, na kitabuni inasomeka kama rafiki yako wa Bangkok ndiye aliyekutumia. Jaribu na kiasi kidogo kwanza, usome alama iliyoandikwa kando ya muamala.

Naleta spineli za Mahenge na yakuti za Tunduru kuuza Chanthaburi. Nalipwa dola. Nizigeuze baht au niziache? — Mfanyabiashara, Chanthaburi

Ndugu, dola utakazonunulia mzigo unaofuata usiziguse. Ukizigeuza baht leo na kuzirudisha dola mwezi ujao, umelipa tofauti ya bei mara mbili bila kupata chochote. Geuza matumizi ya miezi mitatu minne tu.

Dola ziwekwe kwenye akaunti ya fedha za kigeni, ambayo mabenki makubwa ya Bangkok hufungua kwa mwenye karatasi kamili. Jua mambo mawili. La kwanza, bima ya amana tuliyoieleza juu haigusi akaunti hizi. Benki ikianguka, dola zako zinasimama foleni na wadai wengine. Chagua benki kubwa, na ziada usiilaze hapo mwaka mzima. La pili, noti na uhamisho si kitu kimoja. Ukifika na noti, benki inaweza kutoza ada ya kuzipokea, na itataka kujua zimeingiaje. Fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 15,000 hutangazwa forodhani unapoingia na unapotoka. Ile karatasi ya forodha ndiyo itakayokuokoa dirishani, kwa hiyo usiitupe. Noti za baht nazo, ukitoka nazo kuelekea nyumbani zisizidi 50,000 bila kibali.

Ukienda duka la kubadilishia fedha, soma ubao mpaka chini: noti za 100 na 50 zina bei yake, za 20 na 10 bei nyingine, na za 5 hadi 1 bei ya kusikitisha. Mnunuzi akikulipa bando la noti za ishirini, amekupunja bila kugusa mizani.

Sarafu yenyewe haina mwelekeo wa kuapia. Oktoba 2022 dola ilipita baht 38. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 33. Dola 20,000 zilizolala zilishuka kutoka thamani ya zaidi ya baht 760,000 hadi chini ya 660,000, na kwa anayelipa pango kwa baht hilo ni pigo. Lakini aliyekuwa na baht siku Thailand ilipoiachia sarafu yake, tarehe 2 Julai 1997, aliiona ikitoka kama 25 kwa dola hadi kupita 50 Januari 1998. Kwa hiyo usikisie. Fuata madeni yako: unachodaiwa kwa dola kiwe dola, na unachodaiwa kwa baht kiwe baht.

Dhahabu ya maduka ya mtaa wa Yaowarat je? Mimi benki siziamini. — Dada, Bangkok

Dada, dhahabu ni akiba ya heshima, ila ya Thailand ina tabia zake. Kwanza neno *baht* lina maana mbili: pesa, na uzito. Baht moja ya dhahabu ya kipande ni gramu 15.244, ya pambo ni gramu 15.16. Nusu yake ni salueng mbili, robo ni salueng moja. Bei hutangazwa na chama cha wauza dhahabu, inaweza kubadilika mara kadhaa kwa siku, na maduka hufuata bei hiyo. Kwa hiyo huna haja ya kuzunguka mtaa mzima ukibembeleza bei ya dhahabu yenyewe.

Unapolia ni kwenye ufundi. Mkufu una ada ya kutengenezwa ambayo hurudishiwi ukiuza, na pambo hununuliwa tena kwa bei ya chini kuliko kipande. Kama ni akiba, nunua kipande. Kama ni harusi, nunua mkufu na usiuite akiba. Tunza risiti na usichane ule mfuko wa plastiki uliofungiwa kipande. Duka lililokuuzia ndilo litakalokupa bei nzuri ya kurudisha.

Kisha usafi wake: dhahabu ya kawaida ya Thailand ni asilimia 96.5. Haiko katika karati 22 wala 24 wanazozoea watu wa Muscat, Dubai au Mombasa. Ukienda nayo huko, sonara ataipima upya na kukukata kwa sababu ya shaka. Ni akiba ya kuuzia Thailand. Inaliwa na mwizi, haina riba, na kwa viza haihesabiki hata gramu moja. Robo ya akiba yako inatosha, na chumba cha kupanga chenye mlango wa plywood si mahali pa kuiweka.

Mume wangu ni Mthai. Tufungue akaunti moja ya pamoja ili mmoja akifa mwingine asihangaike? — Mke, Udon Thani

Pole kwa kuwaza hilo, lakini umewaza vizuri. Akaunti ya pamoja haitakuondolea hangaiko kama unavyodhani. Benki ikijua mmoja amefariki, inaweza kuzuia akaunti mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na hilo huchukua miezi. Kutoa pesa za marehemu kwa kadi usiku wa msiba, hata kama unajua namba ya siri, kunaweza kukufikisha polisi pale ndugu wengine watakapodai.

Lenye msaada ni vitu viwili. Kila mmoja wenu awe na akaunti ya jina lake yenye matumizi ya miezi sita hivi, ili yeyote atakayebaki awe na cha kula na cha mazishi. Kisha kila mmoja aandike wosia wa Thailand: wa maandishi, wenye tarehe, uliosainiwa mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja, na shahidi asiwe mrithi wala mume au mke wa mrithi. Humo mtajane kuwa wasimamizi wa mirathi. Shahidi akiwa mrithi, kile alichoachiwa kinabatilika, na kosa hili hufanyika sana vijijini kwa sababu anayeitwa kushuhudia ni shemeji aliyekuwa karibu.

Mengine kwa kifupi: mali mliyochuma ndani ya ndoa ni nusu kwa nusu kwa sheria ya Thailand, hata ikiwa akaunti ina jina la mmoja. Na kama unaishi kwa viza ya ndoa, zile baht 400,000 zinazotakiwa ziwe kwenye akaunti ya jina lako wewe mgeni.

Rafiki yangu hana kibali cha kazi, anataka nimpokelee pesa zake kwenye akaunti yangu. Kuna ubaya? — Msomaji, Phuket

Kuna ubaya mkubwa. Sheria ya dharura ya 2023 dhidi ya utapeli wa mitandaoni inamfunga hadi miaka mitatu, au faini hadi baht 300,000, au vyote viwili, anayemwachia mwingine atumie akaunti yake huku akijua au akipaswa kujua kwamba itatumika kwa uhalifu. Hujui pesa za rafiki yako zimepita mikono ya nani. Pesa moja ya utapeli ikigusa akaunti yako, inaweza kufungiwa, na pamoja nayo mshahara wako na pesa za viza.

Kwa wimbi hilohilo la kubana matapeli, laini ya simu iliyofungamana na programu ya benki iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kutuma baht 50,000 au zaidi kwa mara moja kunahitaji kupigwa picha ya uso, kwa hiyo usimwachie mtu simu ukasafiri ukitegemea akutumie. Ukibadilisha pasipoti, nenda tawini na ya zamani pamoja na mpya wiki hiyohiyo, kwa kuwa benki inaweza kuifungia programu siku pasipoti ya zamani inapoisha muda. Na ukihama Thailand moja kwa moja, funga akaunti mwenyewe dirishani kabla ya safari, ukiwa na kitabu mkononi. Ukiwa Dar au Nairobi hakuna wa kukufungia.